Jina Alilolitaja Mgeni Mlimani

"Clémence," alisema yule mgeni, macho kayafumba, mvua ikimpiga usoni. "Nisamehe, Clémence."

Hapo ndipo tulipomwacha Ignatia Durand Jumamosi iliyopita, kapiga magoti kwenye matope ya Mlima Nicholls, chupa ya maji mkononi, kaduwaa. Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu, hujachelewa. Ignatia ni mwongoza watalii wa kijiji cha Laudat, kisiwani Dominica. Asubuhi ile aliwachukua mume na mke waliotoka Guadeloupe kwenda kulitazama ziwa linalochemka. Wakati wa kurudi, wakikatiza Bonde la Ukiwa, mume, Lucien Bazile, akatoka nje ya njia. Ardhi ikabomoka chini yake, na mguu wake wa kulia ukazama hadi kifundoni kwenye tope linalotokota. Wanawake wawili wakamkokota mpaka juu ya mlima. Na pale juu, maumivu yamemfanya aweweseke, mgeni akalitaja jina ambalo mgeni hakupaswa kulijua.

Clémence ni mdogo wake Ignatia. Alipanda boti kwenda Guadeloupe kutafuta kazi, akaaga kwa kicheko, akasema atarudi kabla ya Krismasi. Krismasi nyingi zimepita. Hakuna habari, nzuri wala mbaya.

Ignatia aliiweka chupa chini. Alijiambia kwamba akina Clémence wamejaa Guadeloupe, kila mtaa una wa kwake.

"Clémence gani?" aliuliza.

Rosemonde, mke wa mgonjwa, ndiye aliyejibu, tena upesi mno. Alisema mumewe anaropoka, mtu aliyeungua haulizwi maswali, washuke kabla giza la ukungu halijawafunika.

Ignatia hakumsikiliza. Alimshika Lucien mabega, akamtikisa kidogo. Mgeni akafumbua macho. Hakumtazama Ignatia kama mtu anavyomtazama mwongozaji wake. Alimtazama kama mtu aliyemfungulia mlango mfu.

"Ana uso wake, Rosemonde," alisema. "Nimekuambia tangu asubuhi."

Mkewe akamziba mdomo kwa kiganja.

Mvua ilikuwa imekolea, harufu ya kiberiti ikipanda kutoka bondeni na kuwakaba koo. Ignatia alikumbuka mambo ambayo asubuhi hayakumwingia akilini. Wageni wengine wakifika ziwani hupiga picha, hupiga kelele, hulinganisha ule mvuke na sufuria ya mama zao. Hupaka tope la kijivu usoni na kucheka, huchemsha mayai kwenye vijito vya moto. Hawa wawili hawakufanya lolote la namna hiyo. Walikaa juu ya mwamba, migongo imegeukiana, ziwa likiunguruma chini yao. Na walipokuwa wakirudi waligombana nyuma yake kwa Kifaransa. Watu wa visiwa hivi viwili huzungumza Kikrioli kile kile, wanaelewana bila shida. Mgeni wa Guadeloupe akihamia Kifaransa, ujue hataki umwelewe. Ni katika ugomvi ule Lucien aliikacha njia na kukanyaga pasipokanyagika.

Na kuna jambo lingine lililomchoma zaidi. Mama yake, Ma Philomène, ana kibanda pale njia inapoanzia, karibu na korongo ambako wageni huogelea. Huuza chai ya kakao na mikate ya kukaanga yenye samaki wa chumvi. Kila mgeni wa kutoka Guadeloupe akikaa kwenye benchi lake, mama humuuliza kama amewahi kumwona binti mrefu, mwenye mwanya, mwenye kucheka sana. Wageni hutabasamu, hulipa, huondoka. Asubuhi ile aliwauliza na hawa. Lucien aliinamia kikombe chake. Rosemonde akajibu kwamba Guadeloupe ni kubwa, mama, watu ni wengi.

"Ulimjibu mama yangu kwamba watu ni wengi," Ignatia alimwambia sasa.

Rosemonde alianza kulia. Hakuondoa kiganja mdomoni mwa mumewe.

Ignatia alitaka kukaa pale pale mpaka asikie kila kitu. Lakini miaka yake milimani ilimwambia kwamba mvua ya namna ile haingojei maneno ya watu. Chini ya mlima upo mto. Wenyeji huuita mto wa kifungua kinywa, maana ndipo wapandaji hupumzika kula asubuhi. Asubuhi unauvuka kwa kurukia mawe, viatu vikavu. Mvua ikinyesha juu, unageuka mnyama.

"Mshike upande huo," alisema. "Tunashuka."

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Vipandio vya magogo vilikuwa vimegeuka maporomoko madogo. Lucien alirukaruka kwa mguu mmoja, mikono shingoni mwao, na kila alipoteleza alitoa sauti ambayo Ignatia aliwahi kuisikia kwa mbuzi, si kwa mtu. Kitambaa alichomfunga kilikuwa kimelowa maji ya kidonda. Njia nzima hawakuzungumza. Ila mara moja, katikati ya mteremko, Rosemonde alisema mumewe ana ugonjwa wa moyo na dawa zimebaki hotelini. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Waliusikia mto kabla ya kuuona.

Mawe hayakuwepo tena. Pale walipokaa asubuhi wakila mikate ya Ma Philomène palikuwa na maji ya rangi ya kakao, yakibeba matawi na vipande vya magogo, yakipita kwa kasi ya gari. Simu ya Ignatia haikuwa na mtandao, na isingekuwa nao mpaka wavuke kilima cha mbele. Walimlaza Lucien chini ya mti. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Rosemonde alipendekeza wangoje maji yapungue. Ignatia alimwambia ukweli, kwamba mto huu ukifura hivi unaweza kupungua jioni, unaweza kupungua kesho. Wakamtazama mgonjwa. Hakuna aliyehitaji kusema kwamba kesho hataiona.

Ignatia alitoa kamba mfukoni mwa begi lake, akaanza kuikunjua. Kisha akasimama.

"Kabla sijaingia kwenye maji haya," alisema, "nataka kujua kama mdogo wangu yu hai."

"Hayupo," alijibu Rosemonde.

Ndugu msomaji, kuna majibu ambayo mtu huyangoja miaka mingi, na yakifika huona ni afadhali angeendelea kungoja. Ignatia aliikunja kamba aliyokwisha kuikunjua. Akaikunjua tena. Akauliza alikufa vipi, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake.

Rosemonde akamwambia, pale kwenye mvua, akipayuka ili sauti yake iushinde mto. Clémence alikuja kufanya kazi kwenye duka lao la vitambaa huko Basse-Terre. Hakuwa na karatasi za kuishi nchini, kwa hiyo alitumia jina la msichana mwingine. Alikuwa mchangamfu, wateja walimpenda. Lucien naye akampenda, zaidi ya inavyompasa mwajiri mwenye mke. Rosemonde alijua alipoliona tumbo. Alimfukuza msichana, kisha usiku huo huo akamfuata kituo cha basi na kumrudisha, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mtoto alizaliwa salama. Mama hakusalimika, damu haikukatika. Wakamzika kwa lile jina ambalo halikuwa lake, kwa kuogopa polisi, kwa kuogopa aibu, kwa kuogopa kila kitu.

"Hakuwahi kuniambia ana ndugu Laudat," alisema. "Alisema Dominica, basi. Lucien ndiye aliyekuwa akijua, alinificha. Ameniambia mwaka huu."

Lakini Ignatia alikuwa amebaki nyuma, kwenye neno moja.

"Mtoto," alisema.

Rosemonde aligeuza uso kuutazama mto.

"Umesema mtoto alizaliwa salama. Yuko wapi?"

"Kwa mama yako," alisema Rosemonde.

Ignatia alihisi kama ardhi imebomoka chini yake naye pia. Alikumbuka msichana wa miaka tisa aliyeshuka kwenye gari asubuhi, kavaa koti la mvua, kofia ya koti imemfunika hadi machoni, anasinzia wima. Wazazi walisema safari ya ziwani ni ngumu kwa mtoto, wakaomba abaki kibandani mpaka watakaporudi. Ma Philomène alifurahi kupata wa kumsaidia kukanda unga. Ignatia hakumtazama hata usoni. Alikuwa akishughulika na viatu vya wageni.

"Anaitwa nani?"

"Maëlle. Ananiita mama." Rosemonde alipangusa uso, ukalowa tena hapo hapo. "Sikiliza, dada. Ameanza kuuliza mwanya huu ameutoa wapi, kicheko hiki amekitoa wapi. Lucien alitaka tuje tuseme. Mimi nikasema tuje tuwaone kwanza, kama watalii, tujue ni watu wa namna gani. Mngekuwa watu wabaya, ningerudi naye kimya kimya."

"Na tukiwa wazuri?"

"Hilo ndilo lililonitisha zaidi."

Lucien alikohoa chini ya mti. Alikuwa amesikia yote. Alimwambia Ignatia amwache pale, ampeleke Rosemonde ng'ambo, yeye asubiri chochote kitakachokuja. Ignatia alimjibu kwamba hajawahi kumwacha mgeni yeyote mlimani, na hataanza na yule anayedaiwa maelezo mengi kuliko wote.

Akaifunga ncha moja ya kamba kwenye mti, nyingine kiunoni, akaingia.

Maji yalimpiga magotini, kisha mapajani, kisha yakamnyanyua. Alikuwa amechagua mahali penye miamba chini, ambapo miguu yake inapafahamu, lakini mto ulikuwa umepapanga upya. Aliburutwa, akagonga bega, akashika mzizi. Alipotambaa kwenye ukingo wa pili alitapika maji ya matope. Kisha akaifunga kamba kwenye mti na kuikaza, akarudi kwa kuishikilia.

Lucien walimvusha akiwa katikati yao, kamba imempita chini ya makwapa. Katikati ya mto alizimia. Ikawa heri kwao, maana mtu aliyezimia hapigani na maji. Walimfikisha. Rosemonde alimlaza, akamwekea sikio kifuani, akainua kichwa kuonyesha kwamba moyo bado unapiga. Na hapo hapo akakumbuka begi lenye pasi zao za kusafiria na ya mtoto, limebaki ng'ambo.

Ignatia alimwambia aliache. Rosemonde akasema bila pasi zile hana namna ya kuthibitisha kwamba Maëlle ni wake. Alilisema hilo huku akimtazama Ignatia machoni, kisha akaishika kamba na kuingia tena mtoni kabla hajazuiwa.

Alifika. Alilitia begi mgongoni. Alikuwa anarudi, amevuka nusu na zaidi, gogo liliposhuka na maji na kuipiga kamba. Fundo likafyatuka upande aliotoka Rosemonde.

Mto ulimchukua Rosemonde na kumgeuza kama kitambaa. Lakini alikuwa ameizungusha kamba mkononi, na kamba ilikuwa bado imefungwa upande wa Ignatia, kwa hiyo maji yakamleta kwa mkunjo mpaka chini ya ukingo, kichwa kikizama na kuibuka. Ignatia alilala kifudifudi, akanyoosha mkono, akakipata kiganja chake.

Na hapo wazo likamjia.

Lilikuja lenyewe, hakuliita. Mwanamke huyu akienda na maji, begi litakwenda naye. Mtoto atabaki kibandani kwa bibi yake. Hakuna atakayeuliza kitu. Mto ulikuwa umefura, watu wote wa Laudat watashuhudia jinsi ulivyofura. Mama yake atalala usingizi.

Rosemonde aliinua uso kutoka kwenye maji, akamtazama. Aliliona lile wazo. Alilisoma lote usoni mwa Ignatia, na hakupiga kelele.

Ignatia akavuta. Alivuta mpaka kitu kikapasuka begani mwake, akavuta tena, mpaka mwanamke yule akamwangukia kifuani, mzito, akitetemeka, hana viatu, begi bado liko mgongoni. Wakabaki wamelala hivyo kwenye matope, wamekumbatiana bila kutaka.

"Ulifikiria," alisema Rosemonde alipopata pumzi.

"Nilifikiria."

"Ningekuwa mimi, ningefikiria pia."

Hawakulizungumza tena. Walimwinua Lucien na kuanza kupanda kilima cha mwisho, mmoja bega bovu, mwingine miguu mitupu ikichanwa na mawe. Walipokaribia kileleni wakasikia sauti za wanaume. Alikuwa Alwin, binamu yake Ignatia, naye ni mwongoza watalii, kaja kuwatafuta baada ya mvua kuzidi, na watu wa kijijini na machela. Walimchukua mgonjwa bila maswali, wakamfunika, wakaondoka naye mbio kuelekea barabarani, ambako gari la kumpeleka hospitali ya Roseau lilikuwa likingoja. Mmoja wao alisema mapigo ni dhaifu lakini yapo.

Rosemonde alitaka kuwafuata. Kisha akasita, akamuuliza Alwin kuhusu mtoto, kama amekula, kama hakuogopa radi.

Alwin aliyakwepa macho yake. Alimtazama Ignatia, akavua kofia, akaanza kuikamua maji ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Sema," Ignatia alimwambia.

Akasema. Mvua ilipoanza, paa la kibanda lilivuja na mtoto akalowa. Ma Philomène akamvua koti ili amkaushe nywele. Jirani aliyekuwa akinunua mkate anasema bibi alishika taulo hewani, akamtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza jina la mama yake. Mtoto akasema Rosemonde. Bibi akacheka, akasema hapana, mwanangu, umesahau. Akamvika koti lake yeye mwenyewe, akamshika mkono, wakatoka. Kakao aliiacha motoni ikiungua.

"Tulidhani wamekwenda nyumbani," alisema Alwin. "Hawapo. Hawapo kanisani, hawapo kwa mtu yeyote. Alipokuwa akiondoka, jirani alimsikia akimwita mtoto Clémence."

Rosemonde alimgeukia Ignatia. Hakuwa na hasira, hakuwa na machozi, alikuwa hana chochote kilichobaki.

"Ulinivuta mtoni nije nisikie hili?"

Ignatia alipangusa matope usoni. Alikuwa tayari anajua walikokwenda. Juu ya njia ya Ziwa la Maji Baridi ipo nyumba yao ya zamani, ambayo kimbunga kiliiezua paa na hakuna aliyeirudia. Clémence alizaliwa mle. Mama alishasema mara nyingi kwamba Clémence akirudi, huko ndiko atakakotaka kulala. Walikuwa wakimsikiliza na kubadilisha mazungumzo.

Alimuuliza Alwin barabara ya huko ikoje. Alwin akasema imekatika tangu mchana, kipande kizima kimeporomokea bondeni. Wenye kwenda kwa miguu bado wanaweza kupita, wakiwa na moyo.

"Mtoto alikuwa analia?" aliuliza Rosemonde. "Walipoondoka. Huyo jirani aliona?"

Alwin alitamani asingeulizwa. Ilionekana wazi.

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka. Bibi alikuwa anamsimulia kitu."

Rosemonde alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akijua utamfikia siku moja. Kisha akalivua begi la pasi na kumkabidhi Alwin, akatazama miguu yake mitupu, akatazama njia.

"Nionyeshe," alimwambia Ignatia. "Wewe ndiye mwongozaji."

Wakageuka kuelekea upande ilipo ile nyumba. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na kutoka pale kileleni waliweza kuuona mlima wa ng'ambo, kijani kibichi, na juu kabisa ukuta mweupe usio na paa. Ukutani, kwenye tundu la dirisha, palikuwa na moshi mwembamba. Mtu alikuwa amewasha moto.

Rosemonde aliunyooshea kidole, akafungua mdomo kuita, ingawa hakuna sauti ya mtu ingefika kule.

Ndipo ardhi ikatetemeka chini ya miguu yao. Juu ya ule ukuta mweupe mti mmoja mrefu ukainama taratibu, kisha wa pili yake, kisha msitu wote ukaanza kuteremka.